UZEE SI UGONJWA
Somo juu ya kuutunza mwili katika miaka ya utu uzima

Ndugu msomaji, umri mrefu ni neema ya Mwenyezi Mungu, na kila neema ina haki yake. Mwili tuliopewa ni amana. Yatupasa kuutumia vema katika ujana, na yatupasa vilevile kuutunza unapoanza kuchakaa. Somo hili lawahusu watu wa makundi mawili: wale waliokwisha timiza miaka 60, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 huwahesabu kuwa wazee, na wale wa miaka 40 na 50 wanaouelekea umri huo huku wakiwa na wazazi wa kuwaangalia. Haja ya kulisoma ni kubwa, maana Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ifikapo mwaka 2030, mtu 1 katika kila watu 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi.

Jambo tunalotaka kulieleza ni moja. Sehemu kubwa ya udhaifu tunaouita uzee haitokani na wingi wa miaka. Yatokana na kukaa bila kuutumia mwili, na maradhi yasiyotibiwa. Mambo haya mawili yaweza kurekebishwa, hata kwa mtu aliyechelewa sana.

MANENO MAWILI YANAYODHURU

Katika nyumba zetu husemwa maneno mawili ambayo kwa nje ni mema, lakini kwa ndani yana madhara.

Neno la kwanza ni hili: "Ni uzee tu." Baba analalamika kwamba akipanda kilima kidogo pumzi zinamwishia, huambiwa ni uzee tu. Mama anasema haoni vizuri jioni. Huambiwa ni uzee tu. Babu amekuwa mnyonge, hataki kula, hataki kuzungumza. Nao ni uzee tu. Kwa neno hili mlango wa matibabu hufungwa kabla haujabishwa.

Neno la pili ni hili: "Pumzika, mama, tutafanya sisi." Neno hili hutoka katika mapenzi na heshima. Mtoto mwema hataki kumwona mzazi wake akishika jembe, akichota maji au akifagia ua. Humletea kiti, humletea chai, humletea chakula mahali alipo, hata maji ya kunawa humletea. Mwaka wa kwanza mzazi hushukuru. Mwaka wa pili huona taabu kuinuka katika kiti hicho. Mwaka wa tatu hawezi kwenda msalani bila kushikwa mkono. Watu husema kwamba uzee umemwelemea, na hakuna atambuaye kwamba kile kiti nacho kina sehemu yake katika udhaifu huo.

Basi tutazame kwanza ni kitu gani kinachotokea mwilini.

KUPUNGUA KWA MIAKA NA KUPUNGUA KWA KUKAA

Ni kweli kwamba umri hupunguza nguvu. Tangu miaka 30 hivi misuli ya mwanadamu huanza kupungua kidogo kidogo, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kupungua huko huenda mbio zaidi. Mifupa nayo huwa myepesi, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Hayo ni maumbile, na hakuna awezaye kuyazuia kabisa.

Lakini yako mapunguzo mengine yaliyo makubwa na ya haraka kuliko hayo. Mwaka 2007 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wazee wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67. Walilazwa kitandani siku 10, wakalishwa vizuri, wala hawakuwa na ugonjwa wowote. Siku hizo 10 zilipokwisha, walikuwa wamepoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu yao. Fikiri, ndugu msomaji: siku 10 tu, kwa watu wazima wa afya. Itakuwaje basi kwa mzee aliyekalishwa barazani miaka 3, kwa heshima ya watoto wake?

Misuli ya miguu ndiyo imwinuayo mtu kutoka mkekani, ndiyo imzuiayo asianguke akijikwaa, na ndiyo imfikishayo sokoni na msikitini. Ikitoweka, uhuru wake nao hutoweka.

MWILI HUITIKA HATA KATIKA MIAKA 90

Pengine mtu atauliza: je, nguvu iliyokwisha potea yaweza kurudi? Jibu lilipatikana katika mji wa Boston mwaka 1990. Madaktari waliwachukua wazee 10 dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma 8, chini ya uangalizi. Nguvu ya misuli yao ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani ilikaribia kuwa mara tatu ya ilivyokuwa. Wawili waliokuwa wakitembea kwa mkongojo waliuacha. Mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono aliweza kuinuka. Lakini yafaa kusema na jambo la pili walilolishuhudia: mazoezi yalipokomeshwa, katika majuma 4 tu walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu zao. Kwa hiyo mwili huitika upesi ukitumiwa, na husahau upesi ukiachwa.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa hapa Tanzania, kandokando ya ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao wengi wao wamezoea kupata riziki kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 1989 Kristen Hawkes na wenzake waliandika kwamba bibi wa Kihadzabe waliopita umri wa kuzaa hawakuwa wakikaa kambini kungoja kulishwa. Walitumia muda mrefu porini wakichimba chakula kuliko wanawake vijana, na chakula chao kiliwasaidia wajukuu. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba watu wazima wa Kihadzabe huwa katika mwendo wa kuutaabisha mwili kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na kwamba dalili za maradhi ya moyo ni chache miongoni mwao.

Wala mtu asidhani kwamba hawapumziki. Mwaka 2020 ilionekana kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa miji mikubwa. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao huwa kwa kuchutama na kupiga magoti, na misuli ya miguu haiachi kufanya kazi. Sisi hatuwezi sote kuishi kama Wahadzabe, wala hatuambiwi tuishi hivyo. Lakini tujifunze kwao kwamba mtu mzima aweza kuwa mwenye manufaa na mwenye nguvu, na kwamba kazi ya kadiri si dhuluma kwake.

MAZOEZI YATOSHAYO

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wazima, pamoja na wale waliopita miaka 65, wapate kila juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Hizo ni kama dakika 30 kwa siku 5. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Wazee waliambiwa waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, walau siku 3 kwa juma. Na asiyeweza kufikia kiasi hicho afanye aliwezalo, maana kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Hakuna haja ya vyombo wala gharama. Haya yafuatayo yatosha:

1. Kutembea. Mwenye uwezo atembee asubuhi kabla ya jua kali, avae viatu vilivyofunga mguu, kandambili huteleza. Aliye dhaifu azunguke ua wake mara 3, na juma lijalo mara 4.

2. Kuinuka na kukaa. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, kisha inuka wima na ukae tena. Fanya mara 5, pumzika, urudie. Zoezi hili pia ni kipimo. Wataalamu huhesabu mara ngapi mtu huinuka katika nusu dakika. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, na mwanamke wa umri huo asiyefikisha mara 10, yuko chini ya wastani, na hatari ya kuanguka humkaribia.

3. Kusimama kwa mguu mmoja. Simama karibu na ukuta au meza, ushike kwa vidole, inua mguu mmoja uhesabu hadi 10, kisha wa pili. Siku zikipita, punguza kushika.

4. Kubeba na kuvuta. Kopo la maji la lita 2 katika kila mkono, likiinuliwa na kushushwa mara 10, laimarisha mabega na mikono. Kazi za nyumbani ni sehemu ya zoezi hili: kupepeta mchele, kupalilia bustani ya mchicha, kufua nguo ndogo.

5. Kuinuka kutoka chini. Aliyezoea kukaa mkekani asiache kabla hajalazimika. Anayeswali kwa kusimama, kurukuu na kusujudu huikunja na kuikunjua miguu yake mara nyingi kila siku, nayo ni faida ya mwili juu ya faida ya roho. Mgonjwa ameruhusiwa kiti, wala halaumiwi. Lakini mwenye uwezo asikikimbilie kwa uvivu.

Yule mwenye maumivu ya kifua, au apatwaye na kizunguzungu, au aliyepasuliwa karibuni, amwone daktari kabla ya kuanza. Maumivu madogo ya misuli siku ya pili si dalili mbaya. Maumivu ya kifua wakati wa zoezi ni amri ya kusimama.

CHAKULA CHA MTU MZIMA

Desturi yetu nyingine yenye makosa ni kumlisha mzee uji mweupe, chai na mkate, kwa kudhani kwamba tumbo lake halitaki kingine. Chakula hiki hushibisha lakini hakijengi. Wataalamu wengi hushauri mtu mzima apate protini kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Kwa hiyo ni lazima kila mlo uwe na kitu cha kujenga: maharage, kunde, choroko, samaki, maziwa ya mgando, mayai, karanga. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chakula bora na rahisi, maana hutoa protini pamoja na chokaa ya mifupa. Asiye na meno asagiwe na apondewe. Kukosa meno si sababu ya kukosa kitoweo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari wake.

Nafaka isiyokobolewa, mboga za majani na matunda hulainisha choo, na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Vyakula vya kukaanga katika mafuta mengi, soda, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, vipunguzwe mapema, tangu miaka 40. Kisukari kikiisha shika macho, figo na miguu, toba huwa imechelewa.

Maji nayo yasisahauliwe. Katika utu uzima kiu hupungua, hata mwili unapohitaji maji. Mzee asingoje kiu. Awe na kikombe chake karibu, anywe mara kwa mara mchana, na apunguze karibu na wakati wa kulala. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo afuate alivyoambiwa.

CHUMVI NA SHINIKIZO LA DAMU

Hapa twafika penye adui mkubwa, naye ni adui asiyepiga hodi. Shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka 10 bila maumivu, bila homa, bila dalili yoyote, huku likiichakaza mishipa ya ubongo, moyo na figo. Siku linapojitokeza, mara nyingi hujitokeza kwa kiharusi: mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi umezito. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kiharusi ni mzito kuujenga, maana nyumba nzima huubeba.

Kwa hiyo kila aliyepita miaka 40 apimwe walau mara moja kwa mwaka. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hicho chahitaji tiba. Chumvi ipunguzwe, Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kumbuka kwamba ng'onda, achari, mkate na vikolezo vya pakiti vina chumvi yao kabla ya kuongeza ya chunguni. Na kopo la chumvi liondolewe mezani.

Wako wasemao: "Mzee wa miaka 80 dawa ya presha ya nini tena?" Shaka hiyo ilikuwa hata kwa madaktari, mpaka mwaka 2008 yalipotoka matokeo ya jaribio kubwa lililohusu wagonjwa 3,845 wa nchi mbalimbali, wote wa miaka 80 au zaidi. Waliopewa dawa walikufa wachache kwa asilimia 21 kuliko wasiopewa, na kushindwa kwa moyo kulipungua kwa asilimia 64. Jaribio lilikatishwa mapema, maana manufaa yalikuwa yamekwisha dhihirika. Basi umri si hoja ya kumnyima mzazi dawa.

Dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku kwa kadiri alivyoagiza daktari, wala haiachwi kwa sababu mtu "anajisikia nafuu." Ile nafuu ndiyo kazi ya dawa. Mtu akiona kizunguzungu anapoinuka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi 30, ndipo asimame; na amweleze daktari ili kipimo cha dawa kitazamwe.

Tahadhari nyingine ni juu ya vidonge vya maumivu. Diklofenaki na wenzake, vinavyonunuliwa dukani bila kuuliza, vikimezwa siku nyingi hupandisha shinikizo la damu, huumiza figo na hutoboa tumbo. Mwenye maumivu ya magoti ya kila siku akatibiwe. Na kila aendapo kwa daktari, achukue katika mfuko mmoja dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, ili zisigombane.

TUMBAKU

Juu ya tumbaku hatutasema mengi, maana shahidi wake ni mkubwa. Madaktari wa Uingereza walifuatwa kwa miaka 50 tangu 1951, na matokeo yalitolewa mwaka 2004. Wavuta sigara walikufa kwa wastani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama miaka 3. Aliyeacha katika 50 alirudishiwa 6. Katika 40, miaka 9. Kwa hiyo asiwepo mzee asemaye, "Kwangu imekwisha." Miaka 3 ya kuwaona wajukuu si kitu kidogo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna nazo zina hatari yake, hasa saratani ya kinywa.

AKILI, MASIKIO NA WATU

Watu wengi huogopa kupotewa na akili kuliko wanavyoogopa kifo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni ungezuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake yamo shinikizo la damu, kisukari, sigara, ulevi, kutotembea, elimu ndogo utotoni, upweke, masikio yasiyosikia na macho yasiyoona.

Tuyaangalie haya matatu ya mwisho, maana hudharauliwa. Mzee asiyesikia huacha kuzungumza, kwa sababu amechoka kuuliza "Umesemaje?" Akiacha kuzungumza, watu huacha kumsemesha. Akili isiyosemeshwa huzama. Hivyo masikio yake yatazamwe. Pengine ni nta tu imeziba, na huondolewa kwa dakika chache. Macho vivyo hivyo. Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikubwa cha upofu duniani, naye hutolewa kwa upasuaji mfupi. Ni huzuni kuona mtu akiongozwa kwa fimbo miaka mingi kwa ajili ya jambo lenye tiba.

Ama upweke, waweza kuwa mkali hata ndani ya nyumba iliyojaa watu. Utafiti ulioanza Boston mwaka 1938, ukawafuata wanaume tangu ujana hadi uzee, uliona kwamba walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora katika miaka 80. Kwa hiyo mzee apewe nafasi katika mazungumzo. Aulizwe ushauri wa kweli. Apewe kazi inayohesabika: kuwafundisha wajukuu kusoma, kutunza daftari la mchango wa jamaa, kusimulia asili ya ukoo. Utu uzima dawa, lakini dawa isiyotumiwa huharibika.

MAMBO YASIYO UZEE

Yafuatayo, ndugu msomaji, yasiitwe uzee kamwe mpaka daktari ameyatazama:

Kukonda bila kukusudia. Kuishiwa pumzi au kuvimba miguu. Kwa mwanamume, kukojoa kwa shida au kuamka mara nyingi usiku, maana huenda ni tezi dume. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, damu yoyote ile, hata tone, maana yaweza kuwa saratani, nayo ikiwahiwa hutibika. Kusahau njia ya nyumbani. Huzuni ya majuma mawili au zaidi. Kuanguka, hata kama hakuvunjika kitu. Maana aliyeanguka mara moja yu karibu kuanguka tena. Na kuchanganyikiwa kwa ghafula: aliyekuwa mzima jana na leo hajui alipo, huyo huenda ana malaria, au kichomi, au ugonjwa wa mkojo, au upungufu wa maji, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumba nayo itazamwe. Taa iwepo njiani kwenda msalani, mkeka unaoteleza uondolewe, na mahali pa kushika pawekwe bafuni. Gharama ya kipande cha mbao na misumari ni ndogo mno ukilinganisha na nyonga iliyovunjika.

SAUMU NA DAWA

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani hukuta wazee wanaoficha maradhi yao ili wasikatazwe kufunga. Nia yao ni njema, lakini mgonjwa amepewa ruhusa, na aliye dhaifu asiyetazamia kupona amewekewa fidia. Ruhusa hiyo ni rehema, na rehema haikataliwi. Anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, aulize kama aweza kufunga na jinsi ya kubadili saa za dawa. Akifunga, na sukari ikashuka, akatetemeka na kutoka jasho, afuturu papo hapo.

NENO KWA WATOTO WA WAZEE

Wewe uliye na mzazi nyumbani, twakuomba utafakari. Hatusemi umwache mama yako avunje kuni, wala baba yako abebe gunia. Mzigo umzidio nguvu umwondolee. Lakini usimwondolee ule anaouweza, maana kwa kuubeba ndipo nguvu zake hubaki. Badala ya kumwambia "Pumzika," mwambie "Twende pamoja." Tembea naye hadi kwa jirani na kurudi. Mletee nyanya azikate akiwa anaongea nawe. Mpeleke apimwe shinikizo la damu na macho, nawe upimwe siku hiyo hiyo, maana mara nyingi maradhi ya mzazi humngoja mtoto njiani.

Na wewe mzee wetu, usione haya kuanza ukiwa na miaka 75. Leo jioni inuka kitini mara 5 bila kushika. Kesho fanya tena. Uzee utakuja kwa kadiri alivyopanga Muumba, nasi hatuna uwezo wa kuurudisha nyuma. Lakini kilicho katika uwezo wetu tumeamrishwa tukitende.

Mwenyezi Mungu awajalie wazee wetu afya na utulivu, nasi atujalie kuwatumikia kwa hekima, na atufikishe katika umri huo tukiwa wenye manufaa kwa watu wetu. Amin.